Inchi ya Fundi Muli

Kathonzweni,
11 Septemba 1984

Kwako Mama Nyawira,

Salamu kwako na kwa wote mlioketi na msiba huko Othaya. Nimemwaza sana mama yako. Nilimwona mara moja tu, siku ile alipokuja Sultan Hamud kukutembelea dukani kwa mumeo Karanja. Alinipa ndizi tatu akaniambia nimekonda, na mimi ndiye ninayepima watu kukonda. Nilicheka njia nzima mpaka Kathonzweni. Usiharakishe kurudi, kaa na baba yako mpaka aizoee nyumba.

Kazi inaendelea. Mahali pako nimepewa Mzee Musyoka, karani wa kanisa. Anakaa upande wako wa kichwani, mimi niko magotini upande wa miguu kama kawaida. Ananishikia kichwa cha mtoto kwa mikono miwili na kufumba macho, utadhani anabatiza. Nikimwitia namba anairudia kwa sauti ya mahubiri, halafu anaiandika kwa mwandiko mzuri kuliko wako. Usikasirike. Tatizo lake ni moja, kwamba hawezi kuimba ule wimbo wako wa kuku wa kunyamazisha watoto. Kwa hiyo wanalia, na mimi nasoma futi iliyobandikwa ubaoni huku masikio yanauma.

Ule ubao wa urefu aliotutengenezea Muli baada ya Land Rover kukanyaga wa mradi, bado unatufaa. Bwana Nzomo alikuja kutukagua Ijumaa, akaupiga ngumi mara mbili na kusema ni kazi safi. Sikumwambia kwamba Muli ni fundi wa majeneza. Lakini akina mama wanajua. Wiki jana bibi mmoja alimnyakua mjukuu wake kutoka ubaoni, akasema mtoto wake hapimwi na mbao za Muli kabla ya siku yake. Tukampima kwa mizani tu, akining'inia ndani ya ile suruali akipiga mateke.

Njaa yenyewe haijalegea. Watu wameshaipa jina, wanasema ni ya kufa pesa zikiwa mkononi, maana hata mwenye nazo hapati cha kununua. Juzi tulipima watoto mia moja na sita. Tuliwaandikia maziwa thelathini na wanane.

Kuna mmoja amenikaa moyoni. Mama yake anaitwa Kasyoka wa Kiema, anatoka ng'ambo ya Athi, upande wa Kitui, karibu na Ikutha. Alitembea siku moja na nusu. Mtoto ni msichana, Ndinda, mwaka mmoja na mwezi mmoja. Kilo saba na nusu, sentimita sabini na nne. Mzee Musyoka alitazama jedwali, ikatoka asilimia themanini na mbili ya uzito unaotakiwa kwa urefu wake. Unajua maziwa ni ya walio chini ya themanini. Kwa macho niliona amekonda, mikono yake inazunguka ndani ya ngozi, lakini siwezi kuandika macho kwenye fomu. Nilimwambia mama mtoto hana shida, ampe uji mara kwa mara, amrudishe baada ya mwezi. Hakusema neno. Alimfunga mgongoni akaondoka.

Nisalimie Nyawira. Mwambie kiti chake hapa kanisani kimekaliwa na mbuzi wa mchungaji.

Ni mimi mwenzako wa upande wa miguu,
Nthenya, Mama Musembi


Othaya,
20 Septemba 1984

Kwako Mama Musembi,

Barua yako ilinikuta nikikamua ng'ombe wa mama, ambaye hakubali mkono mwingine. Tulimzika Jumamosi. Kulikuwa na ukungu mpaka saa sita, hatukuwaona hata wale waliosimama upande wa pili wa kaburi. Baba haongei sana. Anapika chai ya watu wawili, kisha anaitazama.

Huku kila kitu ni kijani, na hilo linanitia aibu, sijui kwa nini. Nikipita shambani nahesabu ndizi kichwani na kuzigawa kwa foleni yetu.

Sasa nisikilize. Yule mtoto wa ng'ambo ya Athi, Ndinda, mpe maziwa. Mwandikie fomu, tuma mtu amtafute, usingoje mwezi uishe. Usiniulize sababu kwa barua, maana sanduku la posta ni la kanisa na bahasha zinafunguliwa na watu wengi. Nitakueleza nikifika. Na kwa wale wengine wote mnaowapima sasa, yeyote aliyekaribia themanini, mchukue. Usimkatalie hata mmoja mpaka nirudi.

Nakuomba kama dada yako. Nitarudi mwanzoni mwa mwezi wa kumi.

Wangui, Mama Nyawira


Kathonzweni,
28 Septemba 1984

Kwako Mama Nyawira,

Nimepata barua na kusema kweli umeniudhi kidogo. Ni wewe uliyenifundisha kwamba namba haina shangazi. Siku ya kwanza ya kazi, nilipotaka kumpunguzia gramu mtoto wa jirani yangu ili apate, ulinishika mkono mbele ya watu. Leo uko mbali, umefiwa, moyo wako umelainika, unaniambia nigawe maziwa kwa huruma. Nikifanya hivyo, yule aliye asilimia sabini atapata nini mwisho wa wiki? Gunia haliongezeki.

Bwana Nzomo amesema kituo chetu ndicho chenye namba safi kuliko vyote alivyokagua. Alisema mbele ya mchungaji. Kisha akanivuta kando akanidokezea kwamba mradi ukiisha, huenda nikaandikwa kazi ya kudumu. Unaelewa maana yake kwangu, na Musembi anaanza sekondari. Siwezi kuanza kuchora namba sasa.

Na huyo Kasyoka nimtafute wapi? Ng'ambo ya Athi ni mbali na hatuna gari. Nilimwambia arudi baada ya mwezi, atarudi. Akina mama wote hurudi.

Sina kinyongo. Njoo tu, Mzee Musyoka ameanza kunihubiria hata wakati wa chai.

Nthenya


Mbumbuni,
7 Februari 1993

Kwako rafiki yangu Wangui,

Sijui kama bado unaukumbuka mwandiko huu. Tangu mlipofunga duka la Sultan Hamud na kurudi Othaya, nimekuandikia kadi za Krismasi mbili tu, na wewe moja. Umri unatufanya wavivu.

Mimi mzima. Sasa naishi Mbumbuni na bado ni mfanyakazi wa afya, ingawa miguu inanidai kustaafu. Tumepata wilaya yetu wenyewe, Makueni, hatuendi tena Machakos kutafuta sahihi. Musembi ni mwalimu, ana mke na msichana mmoja anayenipanda kichwani. Mzee Musyoka alishalala, miaka minne sasa. Muli naye amelala, na jeneza lake alilitengeneza mwenyewe mapema, akiogopa wanafunzi wake wangemfinya.

Nakuandikia kwa sababu ya ule ubao. Ulikuwa katika stoo ya kanisa Kathonzweni miaka yote hii, umefunikwa magunia. Kikundi cha akina mama wa hapa walitaka kuanza kupima watoto wao, nikakumbuka, nikaenda kuutoa. Ulipotoka kwenye magunia nilisikia harufu ya yale mahindi ya manjano ya msaada wa njaa, nikakaa chini pale stoo nikalia kama mjinga. Nilikuona na kile kitambaa chako cha bluu, ukiimba wimbo wako wa kuku kwa Kikamba kilichopinda, akina mama wakicheka mpaka wanasahau njaa. Nilikumbuka chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, tuliyoinywa kwenye mlango wa kanisa saa nne, na jinsi ulivyogawanya sukari kwa kijiko kimoja, nusu kwangu na nusu kwako, hata siku uliyokuwa na hasira nami. Sikuwa na furaha siku zile, Wangui, njaa haina furaha. Lakini sijawahi tena kufanya kazi na mtu nikajua mkono wake uko wapi bila kutazama.

Nikauosha ubao. Jumatano nikaanza kuwafundisha akina mama, na kwa kuwa wao walitaka kujifunza kusoma futi, nikawaacha wakae upande wa miguu. Mimi nikaenda kushika kichwa. Mara ya kwanza maishani mwangu nilikaa upande wako.

Nikaona futi haianzii kwenye ubao wa kichwa. Muli aliibandika mbali kidogo, na katikati ameacha mbao tupu, upana wa kidole gumba. Nilipima kwa rula ya shule ya mjukuu wangu. Ni inchi moja kamili. Kila mtoto tuliyemlaza pale tulimsoma mfupi kwa sentimita mbili na nusu. Mtoto akiwa mfupi kwa karatasi, kilo zake zinaonekana zinamtosha, anaonekana amenenepa kuliko alivyo. Tukamrudisha nyumbani.

Nilifanya hesabu usiku kucha. Watoto zaidi ya elfu mbili. Wangapi tuliwafukuza, Wangui? Mimi ndiye niliyekuwa naita namba. Nilijivuna na namba zile. Bwana Nzomo aliniandika kazi kwa ajili ya namba hizo, na mshahara ule ndio uliomsomesha Musembi.

Wote wananijia kwa mafungu isipokuwa mmoja, yule wa kutoka ng'ambo ya Athi. Sura naikumbuka, jina limepotea. Nilikuandikia habari zake ukiwa msibani. Kama bado unayo barua ile, niambie mama yake aliitwa nani. Na niambie, wewe uliyekuwa unakaa pale kichwani kila siku, hukuwahi kuona?

Rafiki yako,
Nthenya


Othaya,
22 Februari 1993

Kwako Nthenya,

Niliona.

Nimeandika barua hii mara nne na kila mara nilianza na hali ya hewa. Sasa nimeanza na hilo ili nisipate mahali pa kukimbilia.

Ilikuwa wiki ya tatu ya ubao wa Muli. Wakati wa chakula cha mchana nilimlaza Nyawira pale kwa mchezo tu. Alikuwa amepimwa kliniki ya Sultan Hamud wiki hiyo hiyo, na kwenye ubao akatoka mfupi. Nikainama, nikaiona ile nafasi. Nilikwenda kwa Muli siku hiyo hiyo. Alikuwa akiranda mlango. Nilipomuuliza, alishangaa kwamba nauliza. Aliniambia hivi: "Mama, mtu halali akiwa amefinywa kichwa. Ubao wowote wa kumlaza mtu nauachia inchi moja. Ni miaka ishirini sasa, na hakuna hata mmoja aliyelalamika."

Nilicheka, Nthenya. Mungu anisamehe, nilicheka pale kwenye randa. Nikarudi nikikimbia kukuambia, nikawakuta wewe na Bwana Nzomo mkiandika ripoti, na yeye akisema kwamba kituo chochote chenye vifaa vibovu kitafungwa na maziwa yapelekwe kwingine mpaka vifaa vipya vitoke Nairobi. Miezi miwili, alisema. Nikatazama foleni. Nikanyamaza.

Nikaamua kuifanya ile inchi mwenyewe. Wewe ukiita sabini na nne, narudia sabini na nne kwa sauti, halafu naandika sabini na sita na nusu. Kwa kila mtoto, si kwa niliowahurumia tu. Wale wa wiki tatu za kwanza niliwaita tena wote, nikakudanganya kwamba ni amri ya Machakos. Utakumbuka ulivyonung'unika. Zile namba safi alizozisifu Bwana Nzomo zilikuwa safi kweli, kwa sababu zilikuwa za uongo kwa kiasi kile kile ubao ulivyokuwa wa uongo. Kwa hiyo usilie juu ya watoto elfu mbili. Walipimwa sawa.

Ningekuambia jioni ile, au kesho yake. Lakini ulikuwa unajivuna, na mimi nilipenda kukuona ukijivuna. Nitasema na lingine: nilijiona mjanja. Nilipenda kukaa pale kichwani nikijua kitu ambacho wewe bingwa hukijui.

Halafu mama akafa. Niliondoka asubuhi moja kwa gari la kwanza, sikukumbuka ubao, sikumwambia Musyoka chochote. Nilikumbuka niliposoma barua yako nikiwa zizini. Ningeandika ukweli kwenye karatasi, ungefunguliwa na karani, na karani mwenyewe ni Musyoka. Hicho ndicho kisingizio changu. Nilikuandikia nusu ya jambo nikategemea utii, na wewe hujawahi kumtii mtu.

Niliporudi nilipitia daftari. Katika wiki zangu za msiba mlikuwa mmekataa watoto kumi na mmoja ambao wangepita. Kumi walirudi, nikawaandika. Mmoja hakurudi. Kwa ajili ya huyo mmoja sikuweza tena kukuambia, maana kitu cha kwanza ungeniuliza ni yeye.

Mwezi wa kumi na moja, mvua ziliponyesha, nilikuaga kwamba naenda kumwona Karanja dukani. Nilikwenda Athi. Mto ulikuwa umejaa. Nilikaa ukingoni mpaka saa tisa nikarudi. Miaka yote hii nimejiambia mto ndio ulionizuia. Kulikuwa na watu wanavuka kwa kamba.

Barua yako ya 1984 nimeitia ndani ya bahasha hii. Nimeihifadhi kwenye Biblia ya mama. Anaitwa Kasyoka wa Kiema, karibu na Ikutha.

Wangui


Mbumbuni,
4 Machi 1993

Wangui,

Nimeisoma barua yako, na ile yangu pia. Sijui ni ipi imenitia uchungu zaidi. "Akina mama wote hurudi." Niliandika hivyo kwa kalamu, katika ile ya pili, ambayo hukunirudishia, nakumbuka hata nilivyokunja kona ya karatasi.

Miaka tisa nimewafundisha wasichana wa kliniki kwa kutumia kituo chetu kama mfano. Nimewaambia, mimi na mwenzangu tulikuwa tunapima hivi, anayeita na anayeandika, hakuna siri kati yao. Nimewaambia hivyo darasani.

Ungeniambia ningekasirika siku mbili, kisha tungeing'oa ile futi na kuibandika upya, kazi ya dakika kumi. Dakika kumi, Wangui. Ulinionaje, mtu wa kuogopwa?

Usiniandikie kwa sasa.

Nthenya


Othaya,
5 Aprili 1993

Nthenya,

Najua umesema nisiandike. Nitaandika kidogo.

Ukienda Ikutha, nichukue. Nitalala Sultan Hamud, nitakuja mpaka Kathonzweni, nitatembea. Ukiwa umeshakwenda, niambie ulichokikuta, usikipunguze wala kukipamba kwa ajili yangu. Nyawira wangu amemaliza shule ya msingi, amekuwa mrefu kuliko mimi, na kila akiinama mlangoni mimi nafanya hesabu ya mtoto wa watu angekuwa na miaka mingapi. Ni tisa na miezi minane.

Ulikuwa mtu wa kuogopwa, ndiyo. Na ulikuwa rafiki yangu pekee katika nchi ile. Nilichelea kukupoteza, nikakupoteza hata hivyo.

Wangui


Mbumbuni,
2 Mei 1993

Kwako Mama Nyawira,

Barua yako ilifika nikiwa njiani, kwa hiyo nilikwenda bila wewe. Pengine ndivyo ilivyofaa. Bado nina hasira, na nitakuwa nayo kwa muda, uizoee. Lakini hakuna mtu mwingine ninayeweza kumsimulia haya akayaelewa bila kumwekea maelezo.

Nilivuka Athi kwa miguu, maji yalinifika magotini. Upande wa pili niliuliza nyumba tatu. Ya tatu walinionyesha kwa kidole. Kasyoka alikuwa shambani akichuma majani ya kunde. Ni mwanamke mdogo kuliko nilivyomkumbuka, labda kwa sababu siku zile njaa ilituzeesha sote. Alinitazama kidogo tu. Akasema, "Wewe ndiye yule wa ubao." Akafuta mikono, akanipeleka nyumbani, akaweka chai jikoni kabla ya kuniuliza nimefuata nini.

Ana watoto wanne. Wa kwanza kati ya hao alizaliwa mwaka wa themanini na sita. Nilipojua hivyo sikuhitaji kuuliza, lakini nilikuwa nimetembea mbali kuuliza, nikauliza. Ndinda alikufa wiki tatu baada ya kumpima. Ilikuwa surua. Iliingia kijiji kizima, watoto wengi waliugua wakapona, wake hakupona. Mimi na wewe tunajua surua inawachagua akina nani. Na maziwa ya wiki tatu yangetosha au yasingetosha, hilo sijui, na sitajua, na wewe pia hutajua. Usije ukaniandikia kurasa kumi juu yake.

Sasa sikiliza aliloniambia. Unakumbuka niliandika kwamba siku ile hakusema neno? Nilidhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa ananyamaza kwa furaha, akiogopa nikimwona amefurahi nitabadili mawazo nimpime tena. Alikuja Kathonzweni akiamini mtoto wake anakufa. Mama mkwe alikuwa ameshamwambia. Nami, mtu wa serikali, mwenye mizani na karatasi, nikamwambia hana shida. Alisema alivuka Athi akiimba. Alisema katika mwaka ule mzima ndilo neno jema pekee aliloambiwa, na wiki tatu zile za mwisho alimbeba mtoto bila hofu, akicheza naye. Akanishukuru. Alinishika mkono juu ya kikombe cha chai akanishukuru.

Ningeweza kunywa chai ile nikaondoka. Nilijiuliza kama ukweli wangu una faida gani kwake, au nataka tu kuutua mzigo wangu kwenye nyumba yake. Akaniuliza kama naumwa. Kisha nikafikiri juu yako, jinsi kila siku ulivyokuwa na sababu nzuri ya kungoja kesho, nikaona nikimeza hili na mimi, tutakuwa wawili.

Nikamweleza. Nilimchorea ubao kwa kijiti hapo chini. Nilimwambia juu ya inchi, juu ya fundi, juu ya mwenzangu aliyekuwa akiiongeza na hakuwepo. Nilimwambia kwamba mtoto alistahili maziwa na mimi nikamrudisha.

Hakulia. Aliniuliza, "Wale wengine waliongezewa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Huyo mwenzako aje nimwone." Hakulisema kwa ubaya wala kwa wema. Nimekupa ujumbe kama ulivyo. Njoo mwezi wa nane, mto ukiwa chini, tutakwenda pamoja. Sitakusemea chochote ukifika pale, utajisemea.

Halafu akainuka akaingia ndani. Alikaa huko mpaka chai ikapoa, na mimi nikajiandaa kufukuzwa. Alitoka na kadi, ile kadi ya kliniki tuliyowapa, imefungwa ndani ya nailoni na uzi. Ndani yake kuna mwandiko mzuri wa Mzee Musyoka. 7.5. 74.

Akaniuliza kama nimeelewa vizuri, kwamba mtoto alikuwa mrefu kuliko hiyo iliyoandikwa. Nikamwambia umeelewa vizuri, mwaitu, mama yetu. Akasema Kiema alikuwa akimwambia kila siku huyu ni mrefu, amefuata ukoo wetu, na yeye siku ile alirudi akamwonyesha mumewe kadi, akamwambia wamepima, ni wa kawaida tu, acha kujisifu. Wakabishana, wakacheka. Kiema alikufa mwaka jana.

"Basi andika vile alivyokuwa," akasema.

Sikuwa na kalamu. Tulituma kwa jirani, mtoto akaleta kalamu ya shule yenye wino unaokatika. Niliiweka kadi juu ya goti, nikakata ile sabini na nne kwa mstari mmoja, kama tulivyofundishwa, ili ya zamani isomeke bado. Juu yake nikaandika 76.5, nikatia sahihi yangu na tarehe ya siku ile, 27 Aprili 1993.

Aliishika kadi mbali kidogo na macho, ingawa hajui kusoma. Akaniuliza kama hiyo ni nyingi kwa mtoto wa mwaka mmoja na mwezi mmoja.

Nikamwambia ni nyingi. Nikamwambia wasichana wengi wa umri ule wangesimama chini yake.

Akasema, "Nilijua."

Nthenya, Mama Musembi